Siku Nilipowahukumu Heringi wa Bi Karen

Nakiri kwa maandishi, nikiwa na akili timamu, kwamba mimi Athman, mkaguzi mstaafu wa samaki, niliaibika mchana kweupe mbele ya wakwe, jirani, afisa wa polisi na mbwa mmoja mdogo aliyevishwa sweta. Nisingeandika neno lolote kama watu wangeiacha aibu yangu ibaki na ukubwa wake wa asili. Lakini kule mtaa wa Phillips, kwenye mgahawa wa chai tunakokutana baada ya swala ya Ijumaa, kisa hiki kimeshazaa na kujukuu. Bwana Mbarak, ambaye siku hiyo hakuwepo wala hakukaribia kuwepo, anasimulia kwamba nilitiwa pingu (sikutiwa), kwamba ndoo zilikuwa tatu (ilikuwa moja), na kwamba nilikimbizana na polisi barabarani nikiwa na kikoi (kikoi nilikuwa nacho, sikatai, lakini juu yake nilivaa koti, na sikukimbia, nilitembea kwa haraka). Wiki iliyopita nilipoingia tu mgahawani, akapaza sauti, "Ficheni visahani, Bwana Mkaguzi amefika!" Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Basi nimeamua kuweka kumbukumbu sawa. Anayetaka kunicheka na anicheke, ila kwa mambo yaliyotokea.

Kwa wasionijua, nilikuwa mkaguzi wa samaki katika mji mmoja wa pwani ya Kenya kwa miaka thelathini na moja. Wachuuzi walinitambua kwa mlio wa viatu vyangu. Nilikuwa nikibonyeza samaki kwa kidole kimoja tu, hiki cha shahada cha kulia, na nyama isiporudi ilipotoka, basi: hati inaandikwa, sampuli inatolewa, shehena inamwagiwa rangi nyekundu ili mtu asije akaiokota na kuiuza tena, kisha inafukiwa. Sikuwahi kupokea hongo, hata ya kichwa cha kolekole. Nilipostaafu, na baada ya kufiwa na mke wangu, mwanangu Fahmi alinileta huku Richfield, jimbo la Minnesota, kwenye nyumba ambayo ndege zinapita juu ya paa lake chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono nahisi nitagusa magurudumu. Fahmi anafanya kazi hapo uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Mkewe ni Kirsten, mzaliwa wa hapa, mpole, na wana binti mmoja, Amina, wa miaka saba, ambaye ananielewa kila ninachosema kwa Kiswahili na kunijibu kila kitu kwa Kiingereza.

Jambo moja kuhusu kuwasili kwangu lazima liingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu litarudi. Katika sanduku langu nilikuwa nimeleta papa mkavu, nilimchagua mwenyewe, nikamfunga katika magazeti na mifuko mitatu. Afisa wa forodha akamwinua kwa vidole viwili kama anayeshika soksi ya mtu mwingine, akamnusa, akamtupa pipani. Bila hati! Bila sampuli! Bila kunipa nafasi ya kujieleza! Niliandika barua ya malalamiko ya kurasa nne. Sijajibiwa mpaka leo.

Sasa tuje kwa Bi Karen, mama yake Kirsten. Ni mjane, anaishi mji jirani wa Apple Valley, mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka kama rula, na ukoo wake ni wa wale ambao mababu zao walitoka nchi za baridi kuhamia nchi nyingine ya baridi (sikuuliza kwa nini). Kila Krismasi inapokaribia, ukoo huu hula heringi. Heringi ni samaki wa bahari za kaskazini, mfano wa dagaa aliyekua akapewa cheo. Huwekwa kwenye chumvi, kisha hulowekwa katika siki na sukari pamoja na vitunguu na punje za viungo, na huliwa hivyo hivyo, baridi, bila kuonja moto maisha yake yote. Kwao sikukuu bila heringi ni kama kwetu Idi bila pilau.

Mwaka wa kwanza niliokaa nao, Bi Karen alileta heringi wake katika bakuli dogo la kioo, ndani ya mchuzi mweupe wa krimu, akalisogeza mbele yangu yeye mwenyewe. Nikamwuliza viungo, kwa adabu. Akavitaja kwa fahari, kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye mvinyo kidogo, kwa sababu ndivyo bibi yake alivyofanya. Hapo mtu mwenye busara angesema asante, nimeshiba. Mimi nilisimama. Nilihutubu kwa muda ambao Fahmi anadai ni dakika ishirini (zilikuwa kumi na mbili), nikaanza na hukumu ya pombe, nikaingia katika wajibu wa kuandika viungo juu ya chombo, na nikamalizia, Mungu anisamehe, na takwimu za kuharisha katika mji wetu mwaka wa mvua kubwa. Bi Karen alifunika bakuli lake, akavaa koti, akaondoka kabla ya keki. Kwa mwaka mzima hakukanyaga tena nyumba ile. Alikuwa akija kumchukua Amina, anabaki ndani ya gari injini ikinguruma, mtoto anatoka na kuingia kama barua. Kirsten hakuniambia neno la ukali hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Mwaka uliofuata, wiki tatu kabla ya Krismasi, Bi Karen akapiga simu. Atakuja. Ataleta na ndugu zake wawili. Na heringi atawatengeneza bila tone la mvinyo, jambo ambalo halijafanyika katika ukoo huo tangu bibi yake avuke bahari. Kirsten alikata simu, akaketi kwenye ngazi na kulia. Fahmi akaja kuketi mbele yangu.

"Baba, nakuomba. Safari hii utakula."

"Nitakula."

"Hutahutubu."

"Sitahutubu."

"Hutakagua kitu, Baba. Akikuletea samaki, unafungua mdomo, unatafuna, unasema asante. Mama huyu akiondoka tena kwa hasira, harudi. Na Kirsten ataumia mno."

Niliweka mkono kifuani nikaahidi. Na niliahidi kwa dhati, hilo liandikwe.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe ishirini na nne Desemba, asubuhi, baridi ya kukausha kope. Fahmi alikuwa na zamu ya nusu siku. Kirsten na Amina walikuwa madukani wakimalizia manunuzi. Wageni wangefika saa tisa alasiri. Fahmi akitoka alisema, akiwa mguu mmoja nje, "Baba, kuna vitu vya mama Karen huko gereji, nili-drop jana, usivi-touch." (Nimemkanya mara nyingi kuhusu lugha hiyo.) Nilijua ana maana gani: kulikuwa na maboksi mawili ya mapambo ya mti, yenye jina la Bi Karen ubavuni. Sikuyagusa. Mpaka leo sijayagusa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hata Bwana Mbarak halijui, na ninalitoa kwa hiari yangu. Watu wanadhani niliingia gereji kuchukua chumvi ya kumwaga ngazini ili wageni wasiteleze. Hivyo ndivyo nilivyowaambia polisi. Kweli ni kwamba niliingia gereji nikiwa na kijiko. Daktari amenikataza sukari, Kirsten ameondoa kila kitu kitamu mbele ya macho yangu, na asubuhi ile, nikitafuta glavu, nilikuwa nimeona kando ya tairi la akiba ndoo nyeupe ya plastiki yenye picha ya aiskrimu na neno VANILA kwa herufi kubwa. Huku majira ya baridi watu hugeuza gereji kuwa jokofu. Utakuta sufuria ya supu imekaa karibu na kopo la oili na hakuna anayeshtuka. Nikajisemea, kijiko kimoja, nani atajua.

Nikafungua kifuniko.

Ndani hakukuwa na vanila. Kulikuwa na maji ya kijivu, na ndani ya maji vipande vya samaki mbichi vyenye ngozi ya fedha, vikielea katikati ya vitunguu na majani makavu. Harufu ya siki ilinipiga usoni ikanitoa machozi. Jamani, mtu anaweza kustaafu, lakini kidole chake je? Kidole changu kiliingia ndani ya ndoo kabla sijakipa ruhusa. Kikabonyeza. Nyama ikabonyea na haikurudi.

Kama kazi yangu mnaielewa, mtaona namna shauri lilivyojijenga lenyewe. Kwanza, samaki hawakuwa na vichwa, na kichwani ndimo yalimo macho na matamvua, yaani ushahidi wote; mchuuzi anayekuletea samaki bila kichwa ana sababu zake. Pili, siki: nimewakamata wauzaji wangapi waliosugua siki na ndimu kwenye samaki wa juzi? Tatu, chombo chenye maelezo ya uongo, kwa kuwa kiliandikwa vanila. Nne, uhifadhi: sakafuni, gereji, baina ya tairi na mfuko wa chumvi ya barabara. Kwamba hawa wangeweza kuwa heringi wa Bi Karen halikunijia hata kidogo. Heringi wa Bi Karen niliwajua mimi: walikuwa weupe, wamo ndani ya bakuli la kioo, na wangeletwa na mwenyewe saa tisa. Hawa nilidhani ni wa mtu aliyemwuzia Kirsten uchafu kwa kumwona mpole. Na siku hiyo, siku ya kupatana, mchafu huyo angewaua wakwe zangu mezani!

Nilimpigia Fahmi mara mbili. Kazini simu huwekwa kabatini, hakupokea. Kumpigia Kirsten sikuthubutu, maana swali lake la kwanza lingekuwa nilitafuta nini ndani ya ndoo ya aiskrimu.

Basi nikafuata utaratibu. Nikatoa sampuli, vipande sita, nikavitia katika chupa safi ya jamu, nikaifunga kwa gundi ya karatasi na kuandika "Kielelezo A". Nikaandika hati kwa Kiingereza fasaha, kwa mkono, nakala moja, nikaibandika ubavuni mwa ndoo. Kwa rangi nyekundu nilitumia ile Kirsten anayopambia biskuti za sikukuu. Zilikuwa chupa tatu, nikazimaliza zote. Kisha nikachukua sepetu kwenda kufukia. Ardhi ya Minnesota mwezi wa Desemba, ndugu zangu, si ardhi. Nilipiga sepetu mara moja tu ikalia kama nimepiga nanga, mikono ikafa ganzi mpaka mabegani. Nikatazama huku na huku, nikaona tuta la theluji kando ya barabara, kubwa, jeupe, lisilo na kazi. Nikachimba humo, nikamwaga samaki wote, nikafunika, nikasawazisha vizuri. Nikaosha ndoo, nikairudisha gereji na hati yake. Nikaoga, nikavaa kikoi, nikaswali adhuhuri, nikaketi dirishani na chai isiyo na sukari. Nitasema ukweli: nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nistaafu.

Saa nane na nusu nikasikia mngurumo. Lilikuwa gari la manispaa la kusukuma theluji, lile lenye koleo la chuma mbele pana kama ukuta. Likapita mbele ya nyumba yetu kwa kasi, likalikumba tuta langu, likalirusha lote upande wa pili wa barabara.

Sijui niwaelezeje. Theluji iliruka juu ikiwa nyekundu. Ikafunguka hewani kama kanga inayokung'utwa, ikatua kwenye njia ya gari ya jirani yetu, Bwana Gary, kwenye sanduku lake la barua, kwenye sanamu yake ya mzee wa Krismasi, na juu ya Bwana Gary mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama hapo na mbwa wake mwenye sweta. Vipande vya nyama viliteleza polepole kwenye kioo cha gari lake. Bwana Gary alitazama koti lake. Akatazama theluji. Mbwa akaanza kula. Bwana Gary akapiga ukelele ambao sikutarajia kutoka kwa mwanamume wa umbile lile, akatoa simu mfukoni.

Polisi walifika kabla sijapata viatu vyangu vya theluji. Alikuwa afisa mmoja, mwanamke kijana, mkono wake u karibu na mkanda. Nikaona ni wajibu wangu kutoka na kutoa maelezo, na kwa kuwa nimefundishwa kutoa maelezo kwa ufupi, nilisema kwa sauti ya kusikika, "Afisa, ninayehusika ni mimi. Niliwahukumu asubuhi. Hapakuwa na njia nyingine."

Akasimama wima. "Uliwahukumu akina nani, bwana?"

"Majina yao sikuyajua. Vichwa walikuwa hawana tangu nilipowakuta."

Akaniomba, kwa upole mwingi kupita kiasi, niketi ndani ya gari lake. Niliketi kwa hiari yangu, kwa sababu ya baridi. (Bwana Mbarak, umesoma hapo?)

Na ni wakati ule, mimi niko kiti cha nyuma cha gari la polisi na kikoi changu, taa za bluu zinazunguka, theluji nyekundu pande zote, ndipo yalipofika kwa pamoja gari la Bi Karen na ndugu zake kutoka Apple Valley, gari la Kirsten na Amina, na nyuma yao Fahmi na sare yake ya kazi. Amina alikuwa wa kwanza kuniona. Aliweka uso wake kwenye kioo akasema kwa Kiingereza chake, "Babu, umemwua nani?"

"Samaki," nikamwambia.

"Lo," akasema, na nikaona amevunjika moyo kidogo.

Fahmi akamweleza afisa kwamba mimi ni baba yake, ni mstaafu, ni mtu mwema. Afisa akataka kuona hao samaki walitoka wapi, tukaingia gereji sote, Bwana Gary naye nyuma akiwa amembeba mbwa wake aliyekuwa na midomo myekundu. Afisa akaiona ndoo, akaibandua hati, na akaisoma kwa sauti. Sikumwomba asome kwa sauti. Ilikuwa hivi:

"Nimekagua samaki wasiotambulika, wasio na vichwa, ndani ya chombo chenye maelezo ya uongo. Nyama imelegea. Siki imetumika kwa kusudi la kuficha. Mmiliki: mtu asiyejali uhai wa wenzake. Uamuzi: hawafai kwa matumizi ya binadamu. Wameangamizwa leo."

Ndege moja ikapita juu, tukaingoja sote imalize.

"Ndoo hiyo ni yangu," alisema Bi Karen.

Hakupandisha sauti. Akaokota kifuniko kilichokuwa sakafuni, akakigeuza upande wa ndani, akakielekeza kwangu. Kulikuwa na maandishi ya kalamu nene ya buluu: KWA BWANA ATHMAN. BILA MVINYO.

Miaka thelathini na moja nimekagua masanduku, makapu, vikapu na matumbo ya maboti, na sikuwahi kuacha kugeuza kifuniko. Siku hiyo sikukigeuza.

"Nilikuambia, Baba!" Fahmi alisema, amefunika uso kwa viganja. "Nilikuambia vitu vya mama Karen!"

"Nilidhani maboksi."

"Na gereji ulifuata nini?"

"Chumvi," nikasema. (Mungu anisamehe na hilo.)

Afisa akafunga daftari lake, akasema kwamba kwa kadiri anavyojua hakuna sheria iliyovunjwa ila usafi wa barabara, akaniagiza nisafishe kwa Bwana Gary, akaondoka akiuma mdomo ili asicheke. Hakufanikiwa, tulimsikia alipofika kwenye gari lake. Bwana Gary akasema mbwa anaonekana hajambo, kwa kweli anaonekana anataka nyingine, akaenda zake. Tukabaki sisi. Bi Karen alikuwa na funguo za gari mkononi. Niliziona, na Kirsten aliziona, na hakuna aliyezitazama moja kwa moja. Ndugu zake walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kuelekea garini.

Nikajikohoza. "Bi Karen, kwa kuzingatia taarifa zilizokuwepo mbele yangu wakati uamuzi ulipofanyika..."

"Baba!"

Fahmi alinikatiza. Nikamtazama Kirsten, ambaye alikuwa ameshika mkono wa mtoto na kutazama sakafu. Nikasema, "Nisamehe, Bi Karen. Ulinitengenezea chakula kwa heshima, mimi nikakifukia."

Bi Karen akazigeuza funguo kiganjani. "Fahmi alinisimulia kuhusu yule papa wako," akasema. "Yule wa uwanja wa ndege. Afisa alimfanya nini?"

"Alimnusa," nikasema. "Akamtupa."

"Alikuuliza ni kitu gani?"

"Hakuniuliza."

"Uliandika barua ya kurasa ngapi?"

"Nne," nikasema, na ilikuwa shida kulitoa neno hilo dogo.

"Mimi nitatosheka na moja," akasema. "Nipe hiyo hati."

Akavaa miwani. Sasa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, na ambalo lingenisaidia sana kulijua mapema, ni kwamba Bi Karen alikuwa karani wa masjala ya mahakama maisha yake yote. Aliisoma hati yangu kama nilivyokuwa nikisoma samaki. Kidole chake kikatembea mstari kwa mstari, kikafika chini, kikasimama.

"Tarehe hii. Umeandika ishirini na nne, kumi na mbili."

"Ndiyo. Tarehe ishirini na nne, mwezi wa kumi na mbili."

"Hapa kwetu mwezi huanza," akasema. "Kwa hiyo hati hii ilitolewa mwezi wa ishirini na nne. Hakuna mwezi wa ishirini na nne, Bwana Athman. Hati ni batili."

Kuvunjiwa heshima na mbwa naweza kustahimili, hata kukalishwa ndani ya gari la polisi. Lakini hati yangu kubatilishwa, gerejini, na kwa haki!

"Na kama hati ni batili," aliendelea, akivua miwani, "samaki wangu hawajawahi kuhukumiwa. Bado ni chakula. Wamebaki wowote?"

Nikaenda jikoni nikarudi na chupa ya jamu, nimeishika kwa mikono miwili. Aliigeuza, akasoma lebo. "Kielelezo A," akasema polepole, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ikasogea. Akazirudisha funguo mfukoni. Kirsten akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka uliopita.

Tukaketi mezani saba, na vipande vilikuwa sita. Bi Karen aligawa mwenyewe kwa uma, kila kipande juu ya mkate mweusi na siagi, na kiazi kidogo kando. Alipofika kwake chupa ilikuwa tupu.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nitakula mwaka ujao. Leo natazama."

Wote wakatazama. Nikasema bismillahi, nikatia mdomoni. Nilitarajia adhabu. Nikakuta ukali wa siki, kisha utamu, kisha kitunguu, na nyama laini inayoyeyuka (laini kwa sababu ya siki, ewe mkaguzi, si kwa sababu ya kuoza), na kwa mbali kitu kilichonikumbusha achari ya marehemu mke wangu. Nilitafuna taratibu. Amina akasema, "Babu, lazima useme." Fahmi alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimemwahidi kusema asante, na nilitaka kusema asante, lakini katika fazaa kilichotoka ni kile nilichokisema kwa miaka thelathini na moja.

"Wanafaa," nikasema, "kwa matumizi ya binadamu."

Bi Karen alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ubao wa kiti, ndugu zake wakacheka, Kirsten akacheka na kulia kwa wakati mmoja, kisha Bi Karen akasukuma karatasi na kalamu mbele yangu. "Kwa maandishi," akasema.

Hati hiyo ya pili iko mpaka leo kwenye mlango wa jokofu lake kule Apple Valley, imeshikwa kwa sumaku yenye umbo la heringi, na kila mgeni anayekuja huonyeshwa kabla hajavua koti. Inasema kwamba samaki wa Bi Karen wanafaa, kwamba mmiliki ni mtu anayejali uhai wa wenzake, na kwamba hukumu ya awali imefutwa kwa sababu ya makosa ya mkaguzi. Tangu hapo nimekwenda kwake mara mbili kukata vitunguu, kwa usimamizi wake, na siruhusiwi kubonyeza chochote.

Naweka nadhiri mbele yenu nyote, na Bwana Mbarak awe shahidi: sitafungua tena kifuniko cha ndoo isiyo yangu, wala kwa kazi wala kwa kijiko, na nikifungua yangu, nitaanza kwa kukigeuza. Nimeitia sahihi nadhiri hii. Na tarehe, msihangaike kuitafutia kosa, nimeiandika kwa namna zote mbili.